Amplifaya Mbili za Murongo

Ndama wangu aliuzwa Jumatano, na Jumamosi nikaondoka Bugene na Mjomba Projesti kwenda Murongo kutafuta amplifaya. Naanza na ndama ili mjue kwa nini safari nzima sikucheka. Alikuwa jike, nilipewa na bibi nilipomaliza darasa la saba, na pale nyumbani hakuna kingine kilichokuwa changu. Nikirudi na kitu kibovu, basi sina ndama wala sina kitu.

Mimi siongei mbele ya watu. Darasani nikiulizwa swali nasimama naangalia dawati mpaka mwalimu anachoka. Lakini kinanda cha mdomo napiga, tena napiga bluzi, zile nyimbo za Wamarekani weusi, nilizojifunza kwa kusikiliza simu ya kaka. Tatizo ni spika za kwaya yetu. Ukipitisha kinanda humo, sauti inatoka kama kuku aliyeshikwa mguu. Wapigaji wa bluzi hutumia amplifaya ndogo za vali, yaani zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za kale. Zikipata moto, sauti inanenepa na kukwaruza kidogo, kama mtu mzima aliyeamka sasa hivi.

Mjomba ni fundi redio pale Kayanga. Ndiye aliyesema kuna mfanyabiashara Murongo anazo mbili: moja ya zamani kweli, nyingine imetengenezwa juzijuzi kwa kuiga za zamani. Nikajiuliza yeye anapata nini katika hili. Sikumuuliza.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda pikipiki yake. Tukafika Omurushaka. Pale akasimama kujaza upepo, akaniambia, "Ukifika, ichague ile ya zamani. Mpya hizi kelele tu."

"Hujaziona bado," nilisema, lakini kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Nkwenda tulikunywa chai. Simu ya Mjomba ikalia, akasogea mbali kidogo kuipokea, karibu na mafungu ya ndizi yaliyokuwa yanasubiri lori. Nilimwona anacheka. Mtu anayeongea na mkewe hacheki namna ile. Kuanzia Nkwenda mpaka Kaisho nilikaa nyuma yake nikiangalia kisogo chake kama kitabu kilichofungwa.

Saa nne na nusu tukawa Murongo. Bodaboda zimejipanga, watu wanapita na mizigo kwenda na kutoka Uganda, na duka lenyewe liko nyuma ya wauza magodoro. Mwenye duka, Baba Shemu, ni mtu mpana mwenye sauti ndogo. Yeye na Mjomba walisalimiana kwa kushikana mikono muda mrefu mno.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ndiye mpigaji huyu?" alimuuliza Mjomba. "Nilidhani ni kijana wa kiume mwenye kifua."

"Subiri apulize," Mjomba akajibu.

Amplifaya zilikuwa juu ya meza. Mpya ilikuwa inang'aa, ila kitambaa chake kilipakwa rangi ya chai ili kionekane cha siku nyingi. Ya zamani ilikuwa imechanika pembeni na kushonwa kwa uzi wa gunia. Nikafikiri: kuchana na kushona, hata mimi naweza.

Nilianza na mpya. Maiki ilikuwa ndogo, ya kushika pamoja na kinanda ndani ya viganja. Sauti ilitoka safi na kali. Lakini nilipoongeza kidogo ili ikwaruze, ikapiga mluzi wa kuumiza masikio, na kila nikirudi nyuma hatua moja inanifuata.

Mke wa Baba Shemu akaingia na kikapu cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Kwetu mgeni hukaribishwa kwazo, na mwenyeji hutangulia kutafuna ili mgeni aone hazina sumu. Baba Shemu akatafuna. Mimi nikaangalia koo lake kama linameza. Nilitaka kukataa, lakini kukataa ni kumwambia mtu nyumbani kwake kwamba humwamini, na Mjomba alikuwa ameshanikazia macho. Nikachukua tatu, nikatafuna.

Halafu nikapiga ya zamani. Tundu la nne la kinanda halikutoa kitu. Nikarudia. Kimya, kisha mkoromo mwembamba. Moyo wangu ukatulia vibaya, kama wa mtu aliyejua toka mwanzo.

"Hii ni mbovu," nikasema. Safari hii walisikia.

Mjomba akafungua mgongo wa ile amplifaya, akachungulia na tochi. "Ndani ni ya zamani kweli. Lehemu ya mkono. Sioni kilichoungua."

"Basi umekubaliana naye," nikamwambia. Sijui nilipata wapi mdomo ule.

Baba Shemu hakukasirika. "Binti, piga bila mashine."

Nikachomoa maiki, nikapiga kinanda kitupu. Tundu la nne kimya vilevile. Baba Shemu akanyoosha kiganja. Nilipogonga kinanda humo, zikaanguka punje za kahawa, zimelowa mate yangu. Zilikuwa zimeshika ulimi wa shaba wa tundu lile.

"Mpulizaji hali kahawa kabla ya kazi," alisema. "Nilidhani unajua."

Niliona aibu mpaka masikioni. Lakini kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikauliza, "Ulinipa makusudi, ili ninunue mpya?"

Mjomba akajikohoza. Mke wa Baba Shemu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mtoto huyu atafaa forodhani."

"Kahawa nampa kila anayeingia," alisema Baba Shemu. "Suuza mdomo, urudie."

Nikasukutua, nikapiga tena ya zamani. Sasa ilitoka ile sauti niliyoitafuta, nzito, na haikupiga mluzi hata nilipoongeza. Nilitaka kulia. Ila midomo ilianza kuniwasha, kama inatekenywa na siafu wadogo. Nikatoa kinanda.

"Inawasha midomo. Ulijua?"

Baba Shemu akaiangalia ile maiki. "Inawashaga. Nilijua."

Mjomba akavuta waya wa ukutani. Plagi ilikuwa ya miguu miwili, haina waya wa ardhini. Umeme kidogo ulikuwa unapita kwenye maiki na kuja mdomoni mwangu. "Siku ya mvua hii ingemtupa chini," alimwambia Baba Shemu, na hakuwa anacheka naye tena.

Hatukulipa mpaka waya wa miguu mitatu ulipofungwa, kwa gharama ya duka. Nikapima tena, muda mrefu, mpaka Baba Shemu akaomba nimwachie meza yake. Midomo haikuwasha. Nikaichukua ya zamani.

Saa nane tukaanza kurudi. Mjomba alichomoa vali zote, nikazifunga ndani ya sweta langu la shule na kuzipakata, maana kwa mashimo yale zingebaki unga. Kaisho nikauliza kwa sauti, nyuma ya kisogo chake:

"Mjomba, Baba Shemu anakupa nini?"

"Redio mbovu tano, nichomoe vipuri. Ungenunua yoyote kati ya zile mbili, ningepata."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Tulifika Bugene jua likielekea kuzama. Mama alizunguka ile amplifaya mara mbili. "Hawajakuibia?"

Nikamweleza yote, ya kahawa, ya waya, ya redio tano, mpaka chai yake ikapoa. Akasema hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Nilichojifunza si kwamba watu ni wema. Baba Shemu alijua ile mashine inawasha midomo na angeniacha niondoke nayo. Mjomba alikuwa na chake. Lakini kutoka Bugene mpaka Murongo nilibeba mashaka ambayo swali moja pale Omurushaka lingeyapunguza nusu, na waya wenye hatari nilikuwa sijaufikiria kabisa. Kushuku nitaendelea, ndivyo nilivyo. Ila sasa nitashuku kwa sauti.