Bakshishi na Kuku

Siku Bujiku alipomwona mara ya kwanza, dereva wa gari alilokodi alikuwa akifuta kioo kisicho na vumbi. Kutwa nzima alimtembeza kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu, akipangusa usukani kila kona. Walipofika stendi, Bujiku akampa bakshishi kwa aibu, macho chini, huku basi likinguruma na wakwe zake wakimsubiri Samuye. Dereva akapokea kwa mikono miwili, kisha akatoa jogoo chini ya kiti.

"Mgeni haondoki mikono mitupu, baba."

Bujiku hakuweza kupokea kavukavu, akaongeza noti. Dereva akatoa tetea. Ikaja noti nyingine, akaja tetea mwingine, mpaka basi likaondoka. Dereva akapangusa kiti cha mbele.

"Panda, baba, nikupeleke mpaka Samuye. Ila bakshishi usinipe tena, kuku wameniishia."