Makoti Matatu ya Msimamizi Kule Sanje

Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana Ifakara si kubwa na Sanje si mbali: mimi ndiye yule mwenye biashara ya kupika kwenye shughuli aliyepeleka wasimamizi watatu kwenye sherehe ya kipaimara bila mpishi hata mmoja. Wapo watu ambao hadi leo wakiniona sokoni wanaita, "Msimamizi!" halafu wanachungulia nyuma yangu kuona kama wengine wanakuja. Nacheka nao. Nikifika nyumbani sicheki.

Nilizaliwa Mlimba, nyumba ya karibu na reli, na nadhani mtoto akikua anasikia treni ikiwapeleka watu wengine kila mahali, miguu yake haitulii tena. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka. Nimekata miwa, nimeuza mitumba Songea, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara (huko ndiko nilikojifunza kulisha watu wengi kwa mpigo), nimeoa na nikaachwa, na mwanamke yule alikuwa na haki, kwa sababu nani anataka kuolewa na begi? Nilipoingia miaka ya arobaini nikachoka, nikarudi bondeni kwetu, nikapanga ua pale Ifakara, nikanunua masufuria, viti na turubai, nikaanza kupikia harusi na misiba.

Nikapata watu watatu. Wa kwanza Mama Agripina, mpishi, Mpogoro wa milimani Mahenge aliyenizidi umri kidogo, ambaye wali wake hata mfiwa anaomba kuongezewa. Wa pili Shabani, wa turubai na viti, mwenye nguvu nyingi na mdomo zaidi ya nguvu. Wa tatu Siwema, binti wa kugawa chakula, anayeiona sahani tupu kabla mwenyewe hajaiona. Tukimaliza kazi tulikuwa tunakaa uani tunakula ukoko, Shabani anamtania Mama Agripina kwamba Wapogoro wanapika vizuri kwa kuogopa kula peke yao, Mama anamrushia mwiko, Siwema anacheka hadi anashika ubavu, na mimi nakaa pembeni nawaangalia, nasema moyoni, haya, hatimaye nimefika mahali. Ndugu zangu wametawanyika, wazazi walishatangulia. Hao watatu ndio waliokuwa wananiuliza kama nimekula.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kila mwenye biashara aliyeniona alinishauri: kaa na watu wako mapema, kabla hamjawa wengi, semeni nani anafanya nini, nani anaamua wewe ukiwa hupo, mtu anapumzika lini, akiuguliwa inakuwaje. Mimi nikawa nawajibu kwamba hayo ni mambo ya kampuni zenye geti na mlinzi, sisi hapa ni familia, na familia gani ina ratiba? (Siku hizi najua familia ina ratiba kali kuliko jeshi, ila mimi familia nilikuwa naikumbuka kwa mbali.)

Na miguu yangu bado ilikuwa inawasha. Kila baada ya shughuli mbili tatu nilikuwa naaga, naenda Mlimba kuitazama ile nyumba yetu ya zamani, ambayo sasa ina watu wengine (wananikaribisha vizuri sana, ndiyo inayouma), au naenda Mngeta kutazama mpunga ambao si wangu. Safari ya kwanza nilimkuta Mama Agripina peke yake uani, anachambua mchele, nikaona vibaya kuondoka hivi hivi, nikamwambia, "Mama Agripina, wewe ni kama dada yangu wa tumbo moja. Nikiwa sipo, wewe ndiye mimi." Basi uso wake ulivyong'aa, nikafurahi mpaka nikaenda kwa fundi Kasimu akamshonea Mama koti jeupe, kifuani limetariziwa kwa uzi mwekundu MSIMAMIZI. Nikampa kwa siri. Nikamwambia asiwaonyeshe wenzake, wataona wivu, atalivaa siku ya shughuli kubwa.

Hapo ningeishia ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini safari iliyofuata Shabani ndiye aliyenibebea begi hadi stendi, na basi linapotaka kuondoka mtu husema maneno, nikamwambia yeye ndiye mdogo wangu wa damu na nikiwa sipo yeye ndiye mimi. Uso ukang'aa. Koti. Safari nyingine tena nikamkuta Siwema analia, mtoto wake ana homa na hajui kama anaruhusiwa kwenda kumuuguza, maana hakuna aliyewahi kusema nani anaruhusu, na mimi badala ya kumpa ruhusa nikampa cheo. Fundi Kasimu alipoona namletea kitambaa cha tatu aliweka mkasi chini.

"Kaka, hao unaowasimamia ni wangapi?"

"Watatu."

"Na wasimamizi?"

"Wewe shona," nikamwambia.

Akashona, lakini nilipokuwa natoka nikamsikia anamwambia mwenzake, "Huyu anajenga serikali."

Basi mwaka jana baada ya mavuno ikaja kazi ya Mzee Matimbwa wa Sanje. Binti yake alikuwa anapata kipaimara, ukoo mzima unakuja, na mzee alitaka shughuli ambayo watu wa barabara nzima wataizungumza. (Waliizungumza.) Nikawapigia watu wangu simu mmoja mmoja, nikamwambia kila mmoja maneno yale yale: "Hii ndiyo ile shughuli kubwa. Vaa koti." Halafu mimi nikaenda zangu Mlimba kwanza, nikazima simu kama kawaida yangu nikiwa kule, kwa sababu nilitaka kukaa kimya karibu na reli, nikijua ndugu zangu wapo kazini.

Nilifika Sanje mchana siku ya shughuli, juu ya bodaboda, nimevaa suti. Watu walikuwa wameshatoka kanisani, wamekaa juani, maana turubai lilikuwa limesimamishwa upande mmoja tu, upande wa pili umelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Nikanusa. Mwenye biashara ya chakula hunusa kabla hajatazama. Sikunusa chochote. Nyuma ya nyumba masufuria yangu yalikuwa yamepangwa vizuri juu ya mafiga, yanang'aa, na chini yake kuni hazijaguswa na moto.

Kabla sijauliza kitu, kijana wa kipaza sauti akatangaza, "Ndugu wageni, najua njaa inauma, sasa namwomba msimamizi wa chakula aje hapa mbele atuambie tunakula lini!"

Wakaja watatu.

Mama Agripina alitokea jikoni, anafunga vifungo. Shabani alitokea kwenye turubai, kola imesimama. Siwema alitokea getini alikokuwa anawapokea wageni. Makoti meupe matatu, kila mmoja alikuwa amelificha lake hadi aitwe, uzi mwekundu mmoja, wakakutana mbele ya watu wote wakatazamana vifuani. Mtoto mmoja akaanza kucheka, halafu ukoo mzima.

"Haya," akasema kijana wa kipaza sauti, anaona Mungu kampa zawadi, "huyu wa wali, huyu wa nyama, na dada huyu wa maji ya kunawa?"

"Msimamizi ni mimi," akasema Mama Agripina. "Nimewaambia tangu asubuhi wawashe moto, wananitazama tu."

"Awashe nani?" Shabani akadakia. "Mimi ndo niliyeachiwa kazi. Nimekaa nangoja vijana wa kusimamisha turubai, kumbe kijana mwenyewe ni mimi!"

"Jamani, bosi aliniambia mimi," akasema Siwema. "Alisema mimi ni mdogo wake wa mwisho."

Hapo ndipo Shabani aliponiona. "Huyo hapo! Mpeni kipaza sauti!"

Nikapewa. Nimesimama na suti yangu, jasho linashuka hadi kwenye soksi, watu wote wameacha kujipepea kwa leso zao wananingoja, na kitu pekee kilichokuja kichwani ni ukweli. "Wote," nikasema, na spika ikalirudia neno mpaka milimani. "Wote ni wasimamizi."

Kutoka nyuma mtu akauliza, "Na mpishi ni nani?"

"Mpishi ni Mungu!" akajibu bibi mmoja, na hapo kicheko kilichotoka kiliwaamsha hata mbwa.

Mzee Matimbwa hakucheka. Mke wake naye hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alifunga kanga kiunoni, akaita majirani kwa majina, na ndani ya muda mfupi wanawake wa Sanje wakaja na sufuria zao, mchele wao, mikungu ya ndizi vichwani, wakawasha moto chini ya masufuria yangu kana kwamba mimi sipo. Mama Agripina alivua koti akaingia kati yao akaanza kukuna nazi bila kuniangalia. Nikapiga magoti na suti yangu kupuliza moto, nikapuliza majivu yakaingia kwenye ndizi, mama mmoja akaniinua kwa mkono. "Kaka, kakae pale. Umeshatusaidia vya kutosha."

Basi nikaenda kukaa pale. Yule binti wa kipaimara, na gauni lake jeupe, alikuwa anakula ndizi ya kuchemsha peke yake kwenye meza ya heshima. Akanipungia mkono. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile.

Lakini lililoniumiza halikuwa hilo, lilikuja jioni tunapopakia vyombo kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Wale watatu walikuwa wamekaa juu ya mabenchi wanazungumza taratibu, na nilipokaribia nikasikia wanaulizana.

"Wewe alikwambia lini?"

"Siku namsindikiza stendi."

"Alisema wa damu?"

"Wa damu."

"Mimi wa tumbo moja," akasema Mama Agripina. Kisha akainua kichwa akaniona. "Festo, unajua kule kwetu mtu akikuita dada wa tumbo moja ni kitu gani? Mimi nimekwenda mpaka Mahenge nikamwambia mama yangu nimepata ndugu Ifakara. Akanipa kuku nikuletee. Kumbe hilo neno unaligawa kama pipi."

"Mama, nilikuwa sitaki mtu ajisikie mdogo," nikasema.

"Hukutaka sisi tujisikie wadogo," akasema, "au hukutaka wewe ujisikie peke yako?"

Wakakunja makoti, wakayaweka kwenye benchi, moja juu ya jingine, wakasimamisha gari la watu wengine lililokuwa linaelekea Ifakara, wakapanda. Mimi nikarudi na kirikuu.

Siku zilizofuata nikafungua ua, hakuna aliyekuja. Ua wenye viti vingi vitupu ni mbaya kuliko nyumba tupu, nawaambieni. Shabani nikasikia ameenda Mlimba kulima mpunga, Siwema akapata kazi kwa mpikaji mwingine, ambako nasikia mtoto akiugua anajua aombe ruhusa kwa nani. Mwishowe nikajikaza nikaenda kwa Mama Agripina. Nilimkuta anafagia, nikamsalimia, akaitikia, hakunipa kiti.

"Nimekuja kuomba urudi," nikasema. "Bila wewe pale si nyumbani."

"Basi hapo ndipo unapokosea," akasema. "Nyumbani kwangu ni hapa. Ndugu ninao, wengine hata wamezidi. Nikirudi nataka kazi. Niambie kazi yangu ni ipi na ya mwenzangu ni ipi. Niambie nikiugua inakuwaje. Jumapili nasali. Jioni naondoka saa kumi kama hakuna shughuli. Na ukisafiri, useme mbele ya wote unamwachia nani, halafu simu iwe wazi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Ungeyasema siku ya kwanza, hata huo undugu labda ungekuja wenyewe."

Amerudi. Anafanya kazi yake vizuri kuliko zamani, na saa kumi anafunga kitenge, anasema, "Haya, Festo, kesho," anaondoka, ukoko nakula mwenyewe. Wengine mnaofungua biashara, hata kiwe kibanda cha chipsi na mtu mmoja wa kuosha sahani, nawaomba msingoje mpaka muwe wengi, na msiseme mnapendana kwa hiyo hamhitaji utaratibu. Mimi niliwaajiri watu nikitafuta familia, nikaishia kukosa vyote viwili, na nimeapa sitamwita tena mfanyakazi wangu ndugu kabla hajajua kazi yake.

Juzi nimepata binti mpya. Alikaa mbele yangu na mfuko wake mapajani, ulimi wangu ukaanza kuwasha, neno la undugu nikalimeza. Nikamwita Mama Agripina aje asikie, nikamwambia yule binti, "Utaosha vyombo na kugawa chakula. Kazini utamsikiliza mama huyu. Ukiuguliwa unamwambia yeye, unakwenda." Uso wake haukung'aa hata kidogo. Aliitikia kwa kichwa, akauliza maji yako wapi, nikamwonyesha.