Askari aliyegongomelewa kwenye kiatu

Jua la mchana limesimama wima, na fundi viatu yuko barazani kwake, kiatu mapajani, uzi mdomoni. Macho hayako kwenye kiatu hata kidogo. Yako kwenye ubao wa sataranji uliowekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati yake na kinyozi wa mlango wa pili.

"Cheza, mkwe, cheza," kinyozi anahimiza. "Mteja wangu nimemwacha nusu kichwa."

"Angoje. Nusu nyingine haikimbii."

Binti wa fundi kaolewa na mtoto wa kinyozi, wamejaliwa mtoto wa kike, na mpaka leo hana jina. Kila babu ana lake. Wakakubaliana mshindi ndiye ampe. Kinyozi anataka jina la mama yake. Fundi anataka la marehemu mkewe, ambaye ndiye aliyemfundisha mchezo huu, na kumfunga bila huruma.

"Tangu aondoke, jina lile halijaitwa nyumbani," anasema. "Nataka niliite tena, hata kama ni kumkemea mtu asimwage maziwa."

Ubaoni wakubwa wamekwisha kulana. Kinyozi kabaki na mfalme, na askari mmoja aliyekwama. Fundi ana mfalme na askari wawili, vile vijitu vya kwenda hatua moja moja, mmoja ukingo wa kulia, mwenzake ukingo wa kushoto. Mbele yao njia nyeupe, hakuna wa kuwazuia ila mfalme wa kinyozi. Atakayefika mwisho anageuka malkia, na hapo kwisha habari.

Tatizo, askari wa kulia hayupo.

Yule wa asili alipotea zamani, mahali pake pakawekwa kipande cha mpira wa kisigino. Jana mchezo uliishia katikati, ubao ukaachwa vilevile. Asubuhi fundi akawa anatengeneza kiatu cha binti yake, mkono ukatafuta mpira, ukaupata, ukagongomea. Mazoea hayo.

"Huyo kafa," kinyozi anacheka, kajishika mbavu. "Tumeshamzika."

"Hajafa, yuko kazini!"

Mara ko, ko, ko. Binti anaingia, mtoto mgongoni, miguuni viatu vilevile vya asubuhi.

"Jina tayari? Maana mwanangu sasa anadhani anaitwa Nyamaza."

Fundi anamweleza, kainamisha kichwa. Binti anavua kiatu, anakiweka kisigino kwenye mraba wa ukingoni, ncha ikining'inia nje ya ubao.

"Askari huyu hapa. Baba mkwe, una neno?"

Kinyozi anakubali. Nani abishane na mwenye mtoto mgongoni?

Kiatu kinasogea. Mfalme wa kinyozi anakifuata mbio. Fundi anamsogeza yule wa kushoto, polepole, kama hana haja naye.

"Fanyeni haraka, nasimama kwa mguu mmoja!" binti analalamika.

"Nimemla!" Kinyozi ananyakua kiatu, anakiinua juu kama kikombe cha ushindi.

"Mle, mkwe, shiba kabisa," anasema fundi, na askari wa kushoto anapiga hatua ya mwisho.

Kinyozi anaangalia ubao. Anaangalia kiatu. Anamrudishia mwenyewe, taratibu.

Fundi anasogea mgongoni kwa binti yake. Anainama sikioni mwa mtoto. Analiita jina la marehemu mkewe. Mtoto anapiga chafya.

"Kaitika!" fundi anasema, akijifuta macho kwa mkono wenye gundi. "Akijua kukaa tu, namfundisha. Bibi yake alinifunga miaka yote. Na huyu naye anifunge."