Melania Wawili wa Kinole

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoambiwa kwamba nilishakatwa kidole cha mguu, nami nimesimama uani kwangu na vidole vyote kumi. Sikuwa mzee kama unavyoniona sasa. Nilikuwa bado napanda milima yetu ya Kinole na mzigo wa pilipili manga mgongoni, sipumziki njiani.

Asubuhi hiyo nilikuwa naanika mdalasini, bodaboda ikamshusha binti mmoja amebeba begi. Aliniamkia kwa adabu, akasema anaitwa Neema, ametoka mjini Morogoro. Yeye na wenzake walikuwa wanafanya utafiti kuhusu kisukari, na walikuwa wamepewa ruhusa ya kutafuta wagonjwa kupitia kompyuta za hospitali. Nikamkaribisha kiti. Mume wangu, Baba Desderi, akasogea kusikiliza.

"Mama, wewe ndiye Melania Mkude?"

"Ndiye mimi."

"Pole na kuumwa. Naona hujafika kliniki muda mrefu. Sindano za sukari bado unachoma?"

Nilimwangalia. Nikadhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie. Akarudia, kisha akasoma kwenye kishikwambi chake: nina kisukari cha miaka mingi, natumia dawa, nilikatwa kidole cha mguu wa kushoto. Jina langu lilikuwa pale, kijiji changu, mwaka wangu wa kuzaliwa, hata namba yangu ya simu.

Baba Desderi akaniuliza taratibu, kwa ile sauti yake ya kuumia, "Ulikuwa unaugua unanificha?"

Mwanangu, ungenicheka. Badala ya kujibu, nilivua kandambili nikahesabu vidole vyangu. Nilijua viko vyote, lakini nilivihesabu. Maana binti yule ni msomi, kompyuta ni ya hospitali, na mimi ni mkulima tu. Ghafla nikaanza kuhisi kiu. Nikajiuliza, au kweli ninaumwa na sijui? Nikakumbuka na zile meseji. Kwa miezi kadhaa zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu zikisema majibu yako tayari, fika kliniki haraka. Baba Desderi alikuwa anazifuta, anasema ni matapeli, kesho wataomba hela.

Neema naye alikuwa amechanganyikiwa. Akatoa kipimo, akaniomba ruhusa, akanitoboa kidole, akapima damu. Sukari yangu ilikuwa sawa kabisa. Akawa anaangalia mguu wangu, mara kishikwambi, mara mguu.

"Mama," akasema mwishowe, "kuna mtu mwingine mwenye jina kama lako?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka. Yupo. Baba yangu na baba yake ni ndugu, na sote tulipewa jina la bibi mzaa baba. Tulizaliwa hapahapa Kinole, mwaka mmoja. Yeye aliolewa Kisaki, na huko kuonana ni misiba na harusi tu. Nilijua anaumwa sukari. Sikujua kwamba hospitali imenigeuza kuwa yeye.

Tukampigia mwanawe wa kiume. Akasema mama yake yuko ndani, mguu una kidonda, hawezi kukanyaga. Nikamuuliza, kwa nini hamjampeleka? Akajibu kwamba hospitali waliahidi kuwaita majibu yakitoka, na hawajaitwa.

Walimleta mjini siku iliyofuata kwa gari la kukodi, nami nikashuka kumpokea. Mguu ulikuwa umeharibika. Ulikatwa chini ya goti.

Nilimtafuta mhusika wa kumbukumbu pale hospitali, nikitaka mtu wa kumlaumu. Nikakutana na kijana mpole, macho mekundu. Alinieleza kwamba mfumo uliwaona wanawake wawili wa jina moja, kijiji kimoja cha kuzaliwa, mwaka mmoja, ukauliza kama ni mtu yuleyule. Mtu fulani akakubali, faili lake na langu la zamani yakaunganishwa, ikabaki namba yangu ya simu. Ni nani aliyekubali, hakujua. Nilitoka pale hasira zimekosa pa kwenda. Na tena, asingekuja Neema na kishikwambi chake, dada yangu angefia kitandani Kisaki akisubiri kuitwa. Mpaka leo sijui kama chombo kile nikishukuru au nikilaani.

Dada yangu mwenyewe hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Waliniuliza jina langu. Hawakuniuliza mama yangu ni nani." Mama zetu, mwanangu, walikuwa watu wawili tofauti kabisa.

Sasa wewe na wenzako ndio mnaosomea mambo haya ya hospitali, na kesho mtakaa mbele ya kioo kinachong'aa huku mgonjwa amekaa pembeni. Nawaombeni, mwangalieni yeye kwanza. Muulize jina lake, muulize na la mama yake, msomee kilichoandikwa kisha umwulize, hivi ndivyo ulivyo? Akisema sivyo, usimwone mjinga. Ukitaka kufanya utafiti, fanya kama Neema: panda mlima umfuate mtu, umwombe ridhaa, uone mguu wake. Mashine ikikuuliza kama wawili ni mmoja na huna hakika, iache isubiri, nyanyua simu. Na wewe unayetibiwa, ukisikia habari za mtu mwingine zinasomwa kwa jina lako, sema palepale, hata kama aliye mbele yako amevaa koti jeupe. Mwili ni wako, unaujua.

Mungu akupe macho ya kuona mtu kabla ya maandishi. Akupe subira ya kuuliza tena pale wengine watakapokuharakisha. Na wote watakaopita mikononi mwako, warudi kwao wazima.