Ndege Waliotimka Bondeni

Juzi mjukuu wangu alikuwa akipekuapekua kasha langu, akaibuka na picha moja kuukuu, akaicheka. "Bibi, mpiga picha huyu alichelewa. Ndege wote wamekwisha kutimka!" Nikamnyang'anya. Sikumgombeza, lakini tangu siku hiyo sijatulia. Ngoja nikusimulie wewe, maana yeye alirudi zake kwenye simu.

Picha ni ya bonde la mpunga nyuma ya Kigombe, miaka ya hamsini, mimi nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Aliyeipiga ni mjomba, mdogo wake mama, aliyenunua kamera ya kisanduku kwa karani mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akihama. Mjomba alikuwa na wazimu wa picha. Kiangazi utamkuta pwani na shakwe. Masika yakikatika yuko bondeni, matope hadi magotini, akiwanyatia yangeyange, wale ndege weupe wa majini.

Taabu ni kwamba bondeni kulikuwa na mama, na kazi ya mama ilikuwa kuamia. Mpunga ukianza kukomaa tulishinda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, tangu alfajiri, tukila muhogo wa kuchoma kwa nazi, tukifukuza ndege kwa kombeo na kwa makelele. Sauti ya mama ilivuka bonde zima. Mjomba akishainama tu juu ya kamera yake, mara "Hoooo-yaa!" na weupe wote unapaa.

"Dada, yangeyange hali mpunga!"

"Ndege ni ndege. Kwani wewe utakula picha?"

Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka kutoka dunguni.

Masika yaliyofuata mama aliugua kifua. Siku zote alikuwa hataki kupigwa picha, akisema uso wake si wa kutembezwa mjini. Lakini asubuhi moja mvua ilipopungua alijifunga kanga yake ya kisutu, akaketi barazani, akamwita mjomba. "Nipige. Mtoto huyu bado mdogo, atanisahau." Mjomba akampiga. Filamu ilikuwa mpya, haijaisha, na ilikuwa kitu cha ghali, basi ikabaki ndani ya kamera ikingoja kujaa ndipo ipelekwe Tanga kusafishwa. Mama hakuwahi kuiona.

Kwetu masika yakiisha kila kitu hutolewa nje kianikwe, kwa sababu ukungu huota hata ndani ya mito ya kulalia. Baada ya msiba, mjomba akiwa amekwenda Muheza, bibi yangu, mama yao, alitoa magodoro, misala na kanga za marehemu, akavitandaza uani. Akaona kamera nayo imeota ukungu. Akaipangusa, akaifungua kama alivyofungua kila kasha la nyumba ile, akaigeuzia jua liingie vizuri.

Mjomba aliporudi, bibi alimpokea kwa furaha. "Kidude chako nimekuanikia, mwanangu. Kilikuwa kinaoza."

Mjomba alichuchumaa mkekani, akaifunga kamera taratibu. "Ahsante, mama." Kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikamkuta ameshika nguzo ya banda la kuku, analia. Akaniambia filamu ikiguswa na jua imekwisha, haina kitu tena, akaniapisha nisimwambie bibi.

Nilinyamaza, lakini kwa hasira. Miaka ikapita, bibi akiuliza, "Ile picha ya mwanangu haijarudi tu kutoka Tanga?" na mjomba akijibu, "Bado, mama." Bibi alikufa akiingoja. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa huruma au ukatili, na inanisumbua.

Bonde lenyewe halipo tena. Pamejaa nyumba za bati, na ukiwatajia watoto dungu wanakutazama tu. Mama naye alisema kweli: uso wake nimeusahau. Najilazimisha kuukumbuka, nakipata kisutu, naupata mkono wenye kombeo, uso hauji. Naumia sana kwa hilo.

Kesho nitamwita mjukuu wangu nimpe ile picha aitazame tena. Nitamwambia mpiga picha hakuchelewa hata kidogo. Ndege wale walikuwa wametulia, wanakula zao, ndipo mama yangu alipopaza sauti.