Sinyatire ya Papa wa Mwenzangu

Ku masomo kwetu, hapa Butembo, nilikuwa fundi wa kusinya buletini, kuweka sahihi ku karatasi ya matokeo pa fasi ya bazazi. Mutu akianguka hesabu, analeta buletini yake pamoja na ndizi ya kukaanga, mimi ninamufanyia papa. Nilikuwa na bapapa kumi na mbili mu mukono wa kuume. Wa kwangu njo alinishinda, juu yeye anasinyaka kama kuku yenye kukanyaga wino.

Ule mwaka wa vita, asistanti mumoja wa iniversite akaingia mu darasa yetu, amevaa koti yenye kumupita ukubwa. Alitafuta kujua kama batoto banasikia hesabu vizuri zaidi kwa Kifaransa ao kwa Swahili. Mwezi muzima angefundisha kikundi kidogo kisha masomo kuisha. Lakini komite ya maadili ya iniversite yao ilimukataza kuanza na mutoto yeyote mbele muzazi hajasinya karatasi ya kukubali.

"Monsieur, hesabu inaumiza batu?" nikauliza.

"Wewe, itakuumiza," akasema.

Darasa nzima ikacheka, isipokuwa mwenzangu wa banki, mwenye tulikaa naye kiti kimoja. Ile masomo, yeye njo aliihitaji. Alikuwa amerudilia darasa, na akianguka tena, bajomba bake ba kijijini Kasugho balikuwa banamungojea na jembe.

Papa wake alikuwa anauzisha samaki ya Kyavinyonge. Siku moja alipanda lori ya kwenda Beni na bitunga byake, na kule mbele batu ba bunduki bakafunga barabara. Lori haikufika. Mwaka na nusu, hapana mwili, hapana habari. Na kwa ile familia, pasipo mwili, hapana matanga. Mama alikuwa anamuwekea bugali kila mangaribi, anafunika sahani. Na karatasi za mu nyumba zilikuwa kazi ya papa. Kwa hiyo mama akarudisha ile ya asistanti bila kugusa kalamu.

"Nikisinya mimi, ni kama nimemuzika," akaambia mutoto wake. "Atarudi, atasinya."

Karatasi zilipashwa kurudi kesho yake.

"Leta buletini ya zamani," nikamwambia mwenzangu. "Leo papa wako amefika."

Nilisema ile maneno nikicheka.

Ile sinyatire ilikuwa na herufi moja kubwa, kisha mustari wenye kujikunja kama mukia wa samaki, na nukta mbili. Nilijaribu mara tatu ku mapaja, mara ya ine nikaiandika ku karatasi.

"Ni yake," mwenzangu akasema. Aliiangalia muda murefu. Pale njo nilipashwa kupasua ile karatasi.

Hatukujua kwamba komite ilimulazimisha tena asistanti kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza kila muzazi kama alielewa kile alisinya. Siku ya posho, Jumamosi, mangaribi ikikaribia, tulikuwa kwa mwenzangu tunamenya maharagi na mama yake, ile koti ya asistanti ikaingia mu lupango, mu kiwanja yao.

"Mama, papa iko? Ni yeye alisinya hii."

Mama akapanguza mikono ku kitenge, akashika karatasi, akaweka kidole ku ule mukia.

"Alikuja lini?"

Asistanti hakuelewa.

"Alikuletea yeye mwenyewe? Amekonda? Anatembea vizuri?" Hakungoja jibu, akageukia mutoto wake. "Weka maji ku moto. Papa wako anapenda kuoga mbele ya kula."

Mwenzangu hakutoka pa fasi yake. Akaniangalia. Nikaweka maharagi chini.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Ni mimi nilisinya."

"Hapana. Hii ni ya bwana yangu." Akatosha kalamu mu mufuko wa koti ya asistanti, akanipatia. "Sinya."

Nikasinya ku mugongo wa karatasi. Niliomba mukono ikose. Haikukosa, hata nukta mbili zilikaa fasi yao.

Mama akageuza karatasi mara mbili, mara tatu. Kisha akaacha kiti, akakaa chini ku udongo, kama mwenye kufiwa. Jirani alimuona kutoka lupango yake, akajua. Akakuja, akakaa naye chini. Kisha mwingine. Matanga ikaanza vile.

Asistanti aliandikia komite ukweli wote, na darasa yetu ikaondolewa mu kazi yake, ile masomo haikuanza. Siku tatu alikuja kukaa ku moto ya matanga pamoja na babaume, na ile koti.

Mwenzangu alianguka. Siku ya kurudisha buletini, mbele ya kwenda Kasugho, alipitisha yake kwa mwalimu, imesinywa. Mama alikuwa ameandika jina lake yote, herufi moja moja, kama mutoto wa mwaka wa kwanza. Niliona nusu tu. Mwenzangu alifunika nusu ingine na mukono, nisiiangalie.