Jina Lililofanana na Langu

Jumatatu moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu nimeshayasahau. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikisubiri barua ya kuitwa kazini. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu Sumbawanga, na sanduku la posta tulilolitumia lilikuwa la parokia, la watu wengi. Katekista akanipa kikaratasi cha posta: "Skolastika D., barua ya rejista." Nilikimbia hadi posta nikitoka jasho, na baridi ya Juni ya hapa unaijua.

Dirishani alikuwepo karani mmoja, mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaigeuza bahasha upande wangu.

"Soma jina lote, binti, ndipo usaini."

"Mzee, jina langu nalijua tangu ubatizo," nikamjibu, nikasaini huku nacheka.

Niliichana pale pale kwenye ngazi. Haikuwa ya kazi. Ilitoka Kabwe, kule ziwani: "Mke wangu, ninaumwa sana. Panda gari la kwanza, uje na mtoto. Nina neno la kukuambia wewe mwenyewe." Nikaigeuza bahasha. Skolastika Deogratias, Pito. Mimi ni Skolastika wa mzee Desderi.

Kurudi dirishani zilikuwa hatua kumi tu. Sikurudi. Nilimwonea haya yule mzee niliyemjibu kwa kiburi, tena niliogopa kuulizwa kwa nini nimefungua barua ya watu. Nikaisokomeza kwenye mkoba. Jumanne nikasema nitaipeleka kesho, na kesho ikazaa kesho. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi wangu niliuficha siku nne, nikila na kusali rozari na wenzangu kama mtu asiye na neno.

Ijumaa nikaona siwezi tena, nikaenda Pito, nje kidogo ya mji, kwa miguu. Niliulizia nyumba, nikaonyeshwa. Kabla sijafika nikasikia kilio. Wanawake walikuwa wameketi chini uani, na katikati yao mwanamke wa rika langu, amempakata mtoto. Mvuvi mmoja alikuwa amewasili asubuhi ile kutoka ziwani, ameleta habari ya msiba.

Nikapiga magoti mbele yake, nikampa barua. Akaiona imechanwa.

"Uliichukua lini?"

"Jumatatu."

"Amekufa jana," akasema. "Jumanne ningekuwa nimeshafika."

Hakunipiga wala hakunitukana. Heri angenipiga! Aliyesema ni mama wa marehemu, bibi mmoja mwembamba aliyekuwa amejiegemeza ukutani, na wala hakupaza sauti.

"Kukosea jina ni kosa la macho, mwanangu. Hilo tungekusamehe hapo hapo. Lakini siku hizi nne ulikuwa unaona."

Maneno hayo ninayo hadi leo.

Neno lile marehemu alilotaka kumwambia mkewe hakuna aliyelijua. Msimu wa ulezi ulipofika nilirudi Pito kumsaidia yule mjane kuvuna, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Tulikuja kuzoeana, hata mwanawe akaniita mama mdogo. Ila kumuuliza kama amenisamehe, sikuthubutu, na sasa naye ametangulia.

Ndiyo maana juzi, nilipokuona ukisaini kifurushi chako macho yako yakiwa kwenye simu, nilishtuka hadi ukadhani naumwa. Soma jina lote, mwanangu, hata kama ni lako. Anayekuambia usome, msikilize, hana chuki nawe. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, rudi siku hiyo hiyo ukaseme. Aibu ya dirishani utaimaliza kabla hujafika nyumbani; hii yangu nimezeeka nayo.

Mungu akulinde uendako na urudiko, na kila kilicho cha mwenzako kikipita mikononi mwako, kimfikie angali na muda.